Fleti ya Chumba Kimoja na Hesabu ya Miaka

Katika jiji la Nairobi, ambako Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa takriban kaya tisa kati ya kila kumi huishi katika nyumba za kupanga, kumiliki makao ya mjini hakujawahi kuwa hatua ya kawaida ya maisha. Kwa muda mrefu mfanyakazi wa jijini alipanga Eastlands au kwingineko, akaipeleka akiba yake kwenye ploti ya mashambani, akajenga huko polepole kila mfuko uliporuhusu, na jiji likabaki mahali pa kazi. Wanandoa vijana wa leo, ambao wengi wao wamelelewa mjini na hawana hakika kama watastaafu kijijini, wanajiuliza swali ambalo wazazi wao hawakulazimika kujiuliza: je, wanunue fleti ndogo yenye chumba kimoja cha kulala, kwa kuwa ndiyo pekee wanayoimudu, au waendelee kupanga hadi watakapomudu kubwa zaidi? Sura hii inashikilia kwamba swali hilo, ambalo kwa kawaida huanzia kwenye bei, lingefaa kuanzia kwenye miaka, yaani miaka ambayo kaya hiyo itaendelea kuenea ndani ya nyumba hiyo, kwa sababu takriban kila gharama ya kununua nyumba ni nzito mwanzoni na huwa nyepesi kadiri muda unavyokwenda.

Hoja inayotolewa mara nyingi kwa kutetea ununuzi ni kwamba kodi ya kila mwezi ni pesa zilizotupwa, na kwamba mpangaji anamjengea landilodi badala ya kujijengea mwenyewe. Hoja hiyo hupendwa sana na mawakala wanaosubiri kamisheni, lakini haisimami pale inapopimwa kwa tarakimu, na ili kuipima ni lazima kwanza ieleweke jinsi rehani inavyofanya kazi. Rehani ni mkopo ambao nyumba inayonunuliwa huwekwa kuwa dhamana yake, hivi kwamba mkopaji akishindwa kulipa, mkopeshaji ana haki ya kuiuza ili arejeshewe deni lake. Mikopo ya aina hii ni michache mno nchini Kenya, kwani ripoti za Benki Kuu za miaka ya karibuni zinaonyesha rehani zinazokaribia 30,000 tu katika nchi nzima, na kwa hiyo wanandoa wengi hawana ndugu wala jirani aliyewahi kuipitia njia hiyo na anayeweza kuwaeleza yaliyomo.

Ichukuliwe, kwa mfano, fleti ya chumba kimoja inayouzwa kwa shilingi milioni 5, ambayo wanunuzi wanailipia amana ya asilimia 20, yaani shilingi milioni 1, kisha wanakopa milioni 4 zilizobaki kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 13 kwa mwaka. Malipo yao ya kila mwezi yatakuwa takriban shilingi 46,860. Katika malipo ya mwezi wa kwanza, shilingi 43,333 ni riba tupu, na zinazopunguza deni lenyewe ni kama 3,530 tu, kwa kuwa riba hutozwa juu ya deni lililobaki na mwanzoni deni lililobaki ni karibu lote. Baada ya miaka mitano kamili, wanandoa hao watakuwa wameilipa benki zaidi ya shilingi milioni 2.8, ilhali deni lao litakuwa limeshuka kutoka milioni 4 hadi takriban milioni 3.7. Kwa maneno mengine, riba nayo ni kodi, kodi ya pesa badala ya kodi ya nyumba, na katika miaka ya mwanzo ndiyo inayomeza karibu kila shilingi inayolipwa.

Ulinganisho huo unaweza kusogezwa mbele kidogo. Tuseme fleti ya aina hiyo hiyo, katika jengo hilo hilo, inapangishwa kwa shilingi 32,000, na mwenye nyumba hulipa ada ya huduma ya 4,500 kwa mwezi, yaani mchango wa kila mmiliki kwa ajili ya ulinzi, usafi, lifti, taa za ngazi na pampu ya maji. Mnunuzi atatoa shilingi 19,360 zaidi ya mpangaji kila mwezi, mbali na amana, ushuru wa stempu wa 200,000 utakaoelezwa baadaye, na gharama za wakili, mtathmini na benki ambazo, hata zikikadiriwa kuwa 100,000 tu, hulipwa kabla ya mlango kufunguliwa. Mpangaji mwenye nidhamu ambaye angeziweka pesa hizo zote kwenye SACCO angekuwa, baada ya miaka mitano na hata bila kuhesabu gawio lolote, na karibu shilingi milioni 2.46, ilhali mnunuzi angekuwa na milioni 1.3 hivi ndani ya kuta zake, iwapo bei haijabadilika. Ili wawili hao walingane, bei ya fleti ingepaswa kupanda kwa zaidi ya asilimia 23 katika kipindi hicho, yaani zaidi ya asilimia 4 kila mwaka bila kukosa. Kwa baadhi ya maeneo hilo linawezekana, na kwa maeneo ambako fleti zimeota kila kona, kama Kilimani, halipaswi kuchukuliwa kuwa jambo la hakika.

Neno nidhamu hapo juu limebeba mzigo mkubwa, na ni haki likaguliwe. Mpangaji wa kwenye mfano ni mtu ambaye hachangi harusi zaidi ya uwezo wake, hanunui gari kwa mkopo, na haigusi akiba hiyo hata ada ya shule ya mdogo wake inapochelewa, na watu wa namna hiyo ni wachache. Rehani humlazimisha mtu kuweka akiba kwa sababu benki haikubali udhuru, na kwa kaya nyingi faida hiyo ni ya kweli kuliko ile ya kupanda kwa bei. Aidha, mizania huanza kugeuka miaka inapozidi, kwa sababu kodi ya mpangaji itakuwa imepandishwa mara kadhaa huku malipo ya mnunuzi yakibaki palepale, au karibu na hapo, na mshahara, kama mambo yatakwenda vizuri, utakuwa umeongezeka. Hivyo basi muda humfanyia kazi mnunuzi, lakini humfanyia kazi yule tu anayebaki.

Yamesemwa maneno "karibu na hapo" kwa makusudi, kwani rehani nyingi nchini hutozwa riba inayobadilika, yaani riba ambayo benki inaweza kuipandisha au kuishusha kwa kufuata soko. Riba ya msingi ya Benki Kuu, ambayo ndiyo dira ya mabenki, ilikuwa asilimia 7 hadi Mei 2022, ikapanda hadi asilimia 13 kufikia Februari 2024, kisha ikaanza kushushwa Agosti mwaka huohuo, na sheria iliyokuwa imeweka kikomo cha riba za mabenki tangu mwaka 2016 ilikuwa imekwisha kuondolewa mwaka 2019. Katika mfano wetu, riba ikipanda kutoka asilimia 13 hadi 16, malipo ya mwezi hupanda hadi takriban shilingi 55,650. Wanandoa wanaotia saini mkataba huku mishahara yao yote miwili ikiwa imebanwa hadi shilingi ya mwisho wanapaswa kujiuliza ni nani atakayelipa hizo 8,800 za ziada, na jibu lisiwe ni mshahara wa tatu ambao haujapatikana.

Gharama za kuingia na kutoka nazo zinapimwa kwa miaka. Ushuru wa stempu, ambao serikali hutoza hati ya mauzo ya ardhi au nyumba inaposajiliwa, ni asilimia 4 ya thamani katika maeneo ya mjini, yaani shilingi 200,000 kwa fleti ya mfano wetu, na haurudishwi hata nyumba ikiuzwa mwaka unaofuata. Wakati wa kuuza, kodi ya faida itokanayo na mauzo ya mali, ambayo ilipandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15 mwanzoni mwa mwaka 2023, hutozwa kwenye tofauti kati ya bei ya kuuzia na gharama ya kununulia. Sheria hata hivyo inamsamehe mtu binafsi anayeuza nyumba aliyoishi mwenyewe mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya mauzo, na kipengele hicho kidogo, ambacho wauzaji hawana sababu ya kukitaja, kina uzito wa pekee kwa mwenye fleti ya chumba kimoja, kwa sababu yeye ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuhama, kuipangisha, kisha kuiuza akiwa amekwisha kuupoteza msamaha huo.

Hapa ndipo ukubwa wa nyumba unapoingia, na ndipo penye kiini cha uamuzi wote. Chumba kimoja cha kulala huwatosha watu wawili vizuri, na huwatosha watatu kwa muda, lakini kaya ya Kenya ni nadra kubaki na watu wawili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye malipo na baba wiki mbili, na baada ya hapo, kwa kuwa rehani inahitaji mishahara yote miwili, mtoto huachwa na msaidizi wa nyumbani ambaye, kwa desturi na kwa sababu ya umbali na nauli, hulala hapo hapo nyumbani. Msaidizi huyo atalala wapi? Katika fleti nyingi za chumba kimoja jibu ni sebuleni, kwenye godoro linalotandikwa baada ya taarifa ya habari ya saa tatu na kukunjwa kabla ya mwenye nyumba kuamka kwenda kazini, na sebule hiyohiyo ndiyo jiko, ndiyo mahali pa kulia, na ndipo atakapofikia shemeji anayekuja mjini kutafuta kazi. Wauzaji huita mpangilio huo wa kisasa. Anayetaka kujua kama unamfaa achukue futi kamba, apime kama kitanda cha futi tano kwa sita kikishaingia chumbani bado pana nafasi ya kitanda cha mtoto na mlango wa kabati kufunguka, wala asitegemee eneo lililoandikwa kwenye tangazo, ambalo mara nyingi hujumlisha unene wa kuta, roshani na wakati mwingine sehemu ya ushoroba wa nje.

Kuitembelea nyumba mchana wa Jumamosi, wakati wakala amekwisha kuifungua na kupuliza manukato, hakutoshi. Saa inayosema kweli ni ya jioni ya siku ya kazi, wakazi wanaporudi, maegesho yanapojaa, lifti moja inapohudumia ghorofa kumi na mbili na bomba la ghorofa ya juu linapofunguliwa baada ya kila mtu kuoga. Mgao wa maji umekuwa sehemu ya maisha ya Nairobi tangu mwaka 2017, na jengo lisilo na kisima chake au matangi ya kutosha huwahamishia wakazi wake gharama ya maboza ya maji, ambayo haimo katika hesabu yoyote ya wakala.

Iwapo kaya itapanuka na kuhama, hatua ya kawaida ni kuipangisha ile fleti ndogo ili kodi yake isaidie kulipa rehani, na wauzaji hulitaja jambo hilo kana kwamba ni malipo ya uzeeni. Tarakimu zetu hazikubaliani nao. Kodi ya 32,000 haifikii malipo ya 46,860, na kutokana na kodi hiyo bado kuna ada ya huduma, miezi ya kukaa bila mpangaji, na kodi ya mapato ya nyumba ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote inayopokelewa, kwa wenye mapato ya upangishaji yanayozidi shilingi 288,000 kwa mwaka, na hizo 32,000 kwa mwezi zinafika 384,000. Wanandoa hao watakuwa wanalipa kodi ya nyumba kubwa wanakoishi huku wakijazia pengo la ndogo waliyoiacha. Fleti ya chumba kimoja inaweza kujilipia yenyewe ikiwa imenunuliwa kwa amana kubwa au kwa mkopo nafuu, lakini kwa mkopo wa kawaida wa benki, katika miaka ya mwanzo, haiwezi.

Mkopo nafuu upo, ingawa mlango wake ni mwembamba. Kampuni ya KMRC, iliyoanzishwa mwaka 2018 na serikali kwa ubia na mabenki na vyama vya SACCO, haikopeshi watu binafsi bali huzipa taasisi hizo fedha za muda mrefu ili nazo zikopeshe kwa riba iliyo chini ya asilimia 10. Kwa riba ya asilimia 9.5, malipo ya mfano wetu yanashuka hadi takriban shilingi 37,290, na tofauti hiyo ya karibu 9,600 kwa mwezi inabadilisha uamuzi kuliko punguzo lolote la bei ambalo muuzaji anaweza kulitoa. Wenye akiba ya pensheni wanaweza pia, chini ya kanuni za mwaka 2020, kutumia hadi asilimia 40 ya akiba hiyo, isiyozidi shilingi milioni 7, kununulia nyumba ya kuishi. Kanuni hiyo ina mantiki kwa nyumba ambayo mtu atazeekea, na ni vigumu kuiona mantiki hiyo katika nyumba ambayo anatarajia kuihama baada ya mtoto wa kwanza.

Nyumba za mpango wa serikali, zinazogharimiwa kwa sehemu na tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, zinapaswa kutazamwa kwa jicho hilohilo la miaka. Mnunuzi wa mara ya kwanza ndani ya mpango huo amesamehewa ushuru wa stempu na masharti ya malipo ni mepesi, lakini sheria inamkataza kuiuza nyumba bila idhini ya maandishi ya bodi inayosimamia mpango. Kwa anayechukua vyumba vitatu hilo si tatizo kubwa. Kwa anayechukua kimoja kwa nia ya kupanda ngazi baadaye, ngazi hiyo ina mlinzi.

Baada ya miaka na ukubwa, huja karatasi, na hapa hakuna hesabu bali tahadhari. Kwa muda mrefu fleti za Kenya ziliuzwa kwa hati ya upangaji wa muda mrefu, ambapo ardhi ilibaki kwa jina la kampuni ya usimamizi na mnunuzi akapewa haki ya kuikalia sehemu yake kwa miaka iliyobaki. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020 iliweka utaratibu wa kila fleti kuwa na hatimiliki yake, ikiambatana na hisa katika maeneo ya pamoja na uanachama katika shirika la wamiliki, na ikataka hati za zamani zigeuzwe. Mnunuzi anapaswa kuuliza kama jengo limekwisha kugeuzwa, na kama halijageuzwa, nani ameishikilia hati mama na kama imewekwa rehani kwa mkopo wa mjenzi. Tahadhari hiyo ni kubwa zaidi kwa wanaonunua kwa ramani, yaani wanaolipa kabla jengo halijasimama, kwa sababu punguzo wanalopewa ni malipo ya hatari waliyoibeba, wala si zawadi.

Upekuzi wa kawaida katika sajili ya ardhi, ambao kwa Nairobi hufanywa katika mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa mwaka 2021, ni wa lazima lakini hautoshi. Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hatimiliki iliyotokana na ugawaji haramu wa ardhi ya umma haiwezi kumkinga hata mnunuzi aliyelipa kwa nia njema bila kujua. Maana yake ni kwamba wakili hana budi kuifuata historia ya kiwanja hadi mgao wa kwanza. Miongoni mwa wakazi wa Syokimau waliobomolewa nyumba mwaka 2011, na wa ardhi ya kiwanda cha saruji huko Mavoko mwaka 2023, walikuwamo wenye karatasi walizoziamini.

Jambo la mwisho ni majina, ambalo wapenzi huona aibu kulizungumza mbele ya wakili. Wanunuzi wawili wanaweza kuandikishwa kwa umiliki wa pamoja usiogawika, ambapo mmoja akifariki mwenzake hurithi yote moja kwa moja, au kwa umiliki wa hisa, ambapo kila mmoja ana fungu lake ambalo huenda kwa warithi wake. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 hugawa mali kwa kutazama mchango wa kila mmoja, ukiwemo malezi ya watoto na kazi za nyumbani, na Januari 2023 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba nusu kwa nusu haitoki yenyewe. Anayelipa chakula, maji na mshahara wa msaidizi ili mwenzake alipe rehani naye ananunua nyumba, na aandikwe hivyo tangu siku ya kwanza.

Kwa wanandoa wanaotarajia mtoto ndani ya miaka mitatu na ambao wanaipata riba ya kawaida ya soko, uamuzi wa busara ni kuendelea kupanga na kuijaza akiba hadi vyumba viwili vifikike. Kwa watu wawili wenye uhakika wa kukaa miaka minane au kumi, wenye mkopo wa riba ya tarakimu moja na hati ya fleti iliyo safi, chumba kimoja kinanunulika.